Kimya Hadi Saa Sita

...na simu hiyo ikilia sasa hivi atakufa, tena atakufa ameketi, kalamu mkononi, na watasema alifia kazini, wamwandikie cheti, kwa hiyo isilie, jamani, isilie, dakika tisa tu zimebaki kufika saa sita, dakika tisa ni nini, hata chai haipoi, na yeye amekaa miaka ishirini na miwili kwenye meza hii ya masjala akiitazama simu hii ya kijivu isilie, ndiyo kazi yake, ndiyo maana nyumba nzima ya Umoja wa Ulinzi, kuanzia walinzi wa getini mpaka majenerali wenye nishani za kumfanya mtu atembee kiupande, inamwita Mama Kimya, na wageni wanaodhani ni mtu asiyeongea hupigwa na butwaa, maana kuongea anaongea, weee, muulize mkuu wake wa masjala, ambaye sasa hivi amesimama dirishani na sahani ya biskuti, anasema, "Nimeagiza za watu ishirini na watatu, Mama Kimya, au nimewahi mno?" naye anaitika mmh bila kusikia, ishirini na watatu, maana nchi wanachama ni ishirini na mbili, na hiyo ya ishirini na tatu bado iko kwenye waraka hapa mezani, nchi ya ng'ambo ya mto, nchi iliyokuwa adui mpaka juzi juzi, na kanuni ya nyumba hii ni moja, nchi ambayo haijapiga simu wala kuleta barua ya kupinga ikifika saa sita kamili, hiyo imekubali, yamekwisha, hakuna kura, hakuna kunyoosha mkono, mataifa mazima yenye vifaru na manowari yanaamua mambo yao kwa kunyamaza mpaka saa ipite, mtu wa nje ukimweleza anacheka, kwa hiyo wewe unalipwa kusikiliza simu isiyolia, ndiyo, ndiyo hasa, na leo chini ya waraka huo kuna waraka mwingine, wa pili, saa yake ya mwisho ni hiyo hiyo, saa sita, na huo, Mungu wangu, huo unamhusu yeye.

Jumanne ilikuwa siku ya vurumai, mtu asimlaumu, nyaraka arobaini na sita kwenye trei, kila ujumbe wa nchi unataka wake uende kwanza, na katikati ya lundo hilo waraka mmoja mwembamba, jalada la njano kama mengine, mistari imenyooka, kichwa cha habari kimepigwa mstari, naye akagonga muhuri, pa, imepokelewa, akauandika kitabuni, akauingiza kwenye fotokopi, nakala ishirini na mbili, kila ujumbe na yake, bila kusoma, hata mstari mmoja hakusoma, yeye ambaye katika miaka yote hiyo hajawahi kukosea hata tarehe, na ilipofika saa tisa alasiri balozi mmoja akapiga simu masjala, akauliza kwa adabu zote kama huyo Mlinzi wa Kimya anayetajwa kwenye aya ya pili ni huyu huyu anayeongea naye. Aya ya pili! Akaifungua nakala yake, Waraka Namba Moja, Mada: Ndoa, mwandishi wa waraka huu, seremala wa nyumba hii, anaomba kumwoa Mlinzi wa Kimya, waraka uko chini ya kimya hadi Ijumaa saa sita kamili mchana, lisipoletwa pingamizi utahesabiwa umekubaliwa... fundi wa watu, maskini, aliuweka kwenye trei yake yeye, yeye peke yake, akidhani mwanamke akiletewa barua huifungua akaisoma, hakujua kwamba hapa masjala barua hupigwa muhuri kwanza na maswali baadaye, na mkuu akapekua kitabu cha kanuni akitafuta mlango wa kutokea, akakuta kwamba waraka ukishasambazwa hauondolewi na yeyote ila mwandishi wake, kwa maandishi, basi fundi akaitwa, akaja na vumbi la mbao kwenye nyusi, mkuu akamwambia weka saini hapa uuondoe, aibu iishe, fundi akaitazama ile karatasi, akautazama ukuta, akakitazama kiatu cha mkuu, kila kitu alikitazama isipokuwa yeye, akasema, "Siuondoi," akarudi zake karakana. Siuondoi! Masikio yalimwaka moto mpaka akaenda kuyalowesha maji bombani, na tangu hapo nyumba haijatulia, ujumbe mmoja umeandika kuomba ufafanuzi, je, karakana itaendelea kufunguliwa Jumamosi baada ya harusi, mwingine umeomba muda wa kushauriana na serikali yake, hebu fikiria, waziri mzima huko kwao amefungua mkoba akaulizwa Mama Kimya aolewe au asiolewe, na jenerali mmoja wa Kamati ya Kijeshi alishuka ngazi mwenyewe, akasimama mbele ya meza hii, visigino kwa pamoja, akasema, "Kijeshi, hatuna kipingamizi," akageuka akaondoka, na yule Balozi Mkato, aliyeitwa hivyo kwa sababu ameshavunja kimya mara kumi na moja kwa ajili ya mikato tu, mara unakosekana hapa, mara umezidi pale, ameleta kijibarua kwamba aya ya pili ina kasoro ya mkato, lakini safari hii ataipitisha.

Dakika saba. Bahasha iko chini ya kiganja chake cha kushoto tangu asubuhi, imeshashika joto la mkono, na ndani yake mna karatasi yenye neno moja na saini, Napinga, aliliandika jana jikoni baada ya kuosha vyombo, mikono bado ina povu, maana kanuni hazimkatazi mtu anayetajwa kwenye waraka kuleta pingamizi lake, mkuu alisema, "Unaweza, Mama Kimya, ila liletwe masjala kabla ya saa sita," masjala, yaani hapa, yaani ajiletee, ajipokelee, ajigongee muhuri, na likishagongwa waraka umekufa, na fundi alishasema hataandika wa pili, si kwa kununa, alimwambia pale kwenye ngazi, randa iko kwapani, "Nikiandika tena nitakuwa nakusumbua, Mama Kimya, nami sipendi kukusumbua, lakini ukinyamaza tu, nitafurahi mpaka watu wanishangae..." ukinyamaza tu, basi hapo, hapo hapo ndipo penye mwiba. Kwani nani kasema hamtaki? Anamtaka mpaka anajicheka kwenye kioo cha lifti, mwanamke wa miaka hamsini na moja, ana binti anayempigia simu kumuuliza, "Mama, eti nchi ngapi zimekubali mpaka sasa?" anamtaka, lakini alishawahi kunyamaza, alikuwa na miaka kumi na tisa, sebule imejaa wajomba na mashangazi, mtu akauliza, wewe binti unasemaje, naye akaangalia vidole vya miguu yake, kidole gumba cha kulia kilikuwa na doa la rangi ya ukuta, analikumbuka doa hilo kuliko anavyoukumbuka uso wa mchumba siku ile, na alikuwa anatafuta la kusema, haki ya Mungu alikuwa analitafuta, angepewa dakika moja angelipata, baba mkubwa akapiga makofi, amenyamaza, amekubali, mleteeni soda, vigelegele, na hilo neno alilokuwa analitafuta likabaki hapo hapo sebuleni chini ya kochi. Marehemu alikuwa mtu mwema, hana la kumsema, hakumwinulia mkono hata siku moja, akamwachia binti mwenye mdomo wa kutosha watu wawili, lakini katika miaka kumi na sita ya ndoa ile yeye hakujua hata siku moja kama angesema ndiyo au hapana, na sasa aolewe tena kwa kunyamaza, mara ya pili, tena safari hii mbele ya majeshi ishirini na mawili... hapana, bora apinge, bora nusu mkate wa huzuni aliouoka mwenyewe, ala, maneno gani hayo, njaa hii, "Nipe biskuti moja, mkuu." "Bado, Mama Kimya, zina shughuli yake."

Kupitia mlango wa kioo anauona ukumbi mkubwa, mtupu, meza ya duara katikati na viti vyake, na kiti cha ishirini na tatu kimeegeshwa ukutani, kimefunikwa shuka jeupe, kinasubiri kama yeye, na meza hiyo, ukitaka historia ya Umoja usihangaike na vitabu, itazame hiyo meza, ilitengenezwa ya watu kumi na wawili mwaka ule baada ya vita, nchi kumi na mbili zilizochoka kuzika, wakakaa wakaandika sentensi moja, atakayempiga mmoja wetu ametupiga sote, kisha wakala kiapo, kisha wakagundua kwamba mguu mmoja wa meza ni mfupi wakauwekea kipande cha kadibodi, na kila nchi mpya ilipoingia meza ilikatwa ikaungwa kipande, mbao nyeusi hapa, nyekundu pale, maunganio unayahisi kwa kiganja ukiipitisha taratibu, kuna pahali penye pengo lililozibwa, nchi moja ilisusa ikaondoka miaka sita, kiti chake hakikutupwa, kilikaa stoo na kila Jumatatu kilifutwa vumbi, iliporudi ikakikuta kinang'aa, ikaona haya, na fundi ndiye aliyemsimulia hayo, ndiye aliyempigisha magoti chini ya meza kumwonyesha ile kadibodi ya mwaka wa kwanza, bado ipo, alikataa kuiondoa, alisema meza imeizoea, walikuwa wawili chini ya meza ya Umoja wa Ulinzi wakicheka, na siku ya kiti kipya alimwita, "Hebu kaa, uniambie," akaketi, kiti cha nchi ambayo haijaingia, kiti cha nchi ya fundi mwenyewe, maana fundi katoka huko, ng'ambo ya mto, alivuka na begi moja la vifaa, fundi akauliza, "Vipi?" yeye akajibu, "Kinanibana mgongoni kidogo," fundi akapiga msasa, "Sasa?" "Kidogo tena," msasa, "Sasa?" na hakikuwa kinambana tena tangu ile mara ya kwanza, uongo mtupu, alitaka tu fundi asimalize mapema, kwa hiyo huyo balozi mpya, akija, atakaa kwenye kiti kilichopimwa kwa mgongo wa Mama Kimya, na hatajua.

"Nimewaambia watu wa bendera wasiipandishe mpaka nipunge kitambaa," mkuu anasema, "Wataniona kutoka pale?" watakuona, mkuu, watakuona, dakika nne, na baba yake naye yuko nyumbani ameketi na redio sikioni, mzee wa miaka themanini na minne, askari wa Umoja, miaka kumi na mmoja aliukalia ukingo wa mto na darubini akiitazama ng'ambo, hakufyatua risasi hata moja, hilo ndilo analojivunia, "Hakikutokea kitu, mwanangu! Miaka kumi na mmoja hakikutokea kitu, unajua ni kazi kiasi gani kufanya kitu kisitokee?" na fundi alipokuja kumtengenezea kiti chake cha kuegemea, akamwamkia shikamoo, mzee akasikia lafudhi, akauliza, "Ulikuwa upande gani, kijana?" kijana mwenye mvi, fundi akasema, "Ule mwingine, mzee, karibu na daraja lililovunjika," yeye amesimama mlangoni na trei, mzee akasema polepole, "Mlikuwa mnatuona?" "Tulikuwa tunawaona, mzee. Saa kumi mlikuwa mnachemsha chai. Basi na sisi tukawa tunachemsha saa kumi." Mzee akamtazama, akamtazama, akasema, "Nyinyi ndio mliokuwa mnatuiga! Tuliandika ripoti! Tulidhani ni ishara ya shambulio!" akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka, akajipiga mapaja, "Mkutano mzima uliitwa kwa ajili ya birika!" wakacheka wote wawili, na tangu siku ile saa kumi mzee hachemshi chai mpaka fundi afike, na leo asubuhi alipomwambia baba, bado sijaamua, bahasha iko kwenye pochi, mzee hakumsema, alimwita tu karibu, akamshika kifundo cha mkono kama alivyokuwa akimshika akivuka barabara utotoni, "Mama," akasema, anamwita mama akiwa na jambo zito, "siku ile sebuleni nilikuwepo. Niliona umefungua mdomo. Nilimwacha kaka yangu mkubwa akupigie makofi juu ya neno lako, na sijawahi kukuuliza lilikuwa neno gani. Leo mimi sisemi kitu. Leo sema wewe." Alilia kwenye basi njia nzima, utingo akamuuliza kama amefiwa, akasema hapana, hapana, ni furaha tu, mwanangu, endelea na kazi.

Dakika mbili na simu haijalia, na mkuu ameacha kuongea, amekumbatia sahani, hata pumzi anavuta kidogo kidogo, na yeye anakivuta kitabu cha kumbukumbu, cha mwaka huu, safu za kila siku, waraka namba fulani, umepokelewa lini, nani kapinga, na kule mwisho kabisa pembeni ile safu ya wino wa kijani, anayoichora mwenyewe kwa rula kila Januari bila kufikiri, kwa sababu aliyekuwepo kabla yake aliichora, na aliyekuwepo kabla ya huyo, na kisa chake kila mtu masjala anakijua na kila mtu anakicheka, mwaka wa pili wa Umoja, nchi ndogo kupita zote, askari mia mbili na bendi ya matarumbeta, balozi wake mgeni hakuielewa kanuni, akadhani lazima ajibu, akavunja kimya kwa kuleta barua mbio mbio kabla ya saa sita, wote wakashika vichwa, nani kapinga, wakaifungua, imeandikwa, Tunakubali, tena kwa furaha, na karani wa wakati ule hakujua aiweke wapi barua ya mtu aliyevunja kimya ili akubali, kitabu hakikuwa na mahali pake, akachukua rula na wino uliokuwa karibu akaifungulia safu, Waliosema Ndiyo, na tangu hapo safu inachorwa kila mwaka na kila mwaka inabaki tupu, miaka yote hiyo, jina moja tu ndani yake kwenye kitabu cha zamani kabatini, naye kwa miaka ishirini na miwili amemcheka balozi yule kwa ushamba wake... kumbe hakuwa mshamba. Kumbe alikuwa na neno akaogopa wasilisikie, akalileta mwenyewe, kwa miguu, anatweta, na kanuni, ngoja, kanuni inasema kimya chaweza kuvunjwa kwa maandishi kabla ya saa sita, haijasema mahali popote kwamba kimya huvunjwa kwa kukataa tu, haijasema! Na bunduki zinyamaze, Mungu azinyamazishe mpaka kiama, mto unyamaze, simu inyamaze, vifaru vioze kwa kutu, lakini yeye si kifaru, yeye ana mdomo, na lile neno la sebuleni, lile la chini ya kochi, hajui hata leo lilikuwa neno gani, lakini hili la leo analijua, liko hapa kwenye meno, tamu, anataka kucheka, anacheka tayari, bahasha ameshaipasua, Napinga vipande vinne, kwenye kapu, karatasi mpya, herufi zinanyooka, wino wa kijani, uko wapi wino wa kijani, huu hapa, na dakika moja bado ni dakika, saa kule ukutani haijagonga, simu ya kijivu imelala, kiti kiko chini ya shuka lake, bendera iko chini ya mlingoti wake, biskuti zote ishirini na tatu ziko kwenye sahani, na Mama Kimya anauinua muhuri juu, juu zaidi ya inavyohitajika, na kuushusha, pa! mkuu anaruka, biskuti zinamwagika, "Nani? Nani kavunja kimya?"

"Mimi, mkuu," anasema, kwa sauti ya kusikika mpaka karakana. "Andika. Nimesema ndiyo."